Pazia la Turubai

Sajini Mwakio alizikwa kwao Taita mwezi uliopita, na mimi sikwenda. Nilisema ni magoti. Magoti yanauma kweli, lakini nataka niandike haki: mtu akitaka kwenda mazikoni hupelekwa hata kwa kubebwa, na mimi sikuomba kubebwa. Niliogopa kufika kwa watu wasionijua nikaulizwa, "Bibi, wewe marehemu umemjuaje?" Ningesema nilikutana naye nyumba moja mwaka mzima, mimi upande huu wa pazia na yeye upande ule? Basi binti yake, Wakesho, mwalimu aliyekwisha kustaafu, akanifuata hapa hapa Kibokoni na bahasha ya kaki mkononi. "Baba alisema hii ni yako, bibi. Alisema usisomewe na mtu, maana wajua kusoma." Maneno hayo ya mwisho yalinifurahisha kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Kisha akaniuliza swali: "Mbona nyinyi watu wa Mombasa mwamwita baba Sajini? Makaratasi yake ya jeshi yanasema Koplo. Fundi wa jiwe la kaburi anangoja tumwambie aandike nini, na ndugu zangu wamegawanyika." Nilimwambia anipe wiki moja. Nilisema nitafungua daftari zangu kwanza, kwa sababu kichwa changu sikiamini.

Mambo ya ukoo wangu siyaandiki hapa. Yatosha kujua kuwa mwaka ule wa vita, manowari zilipojaa Kilindini, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nimeachika, nakaa kwa mjomba wangu Abdalla, mzee wa mtaa, na nilikuwa najua kuandika. Nilihitimu chuoni, kwa Kurani, nikasoma skuli ya wasichana miaka mitatu, nikatolewa kwenda kuolewa. Kiingereza sikuwa nacho, ila maneno ya mabandiko ya dukani. Lakini kila siku baada ya alasiri niliandika jambo moja au mawili katika daftari, si kwa sababu ya maana yoyote, ila niliogopa kuwa siku zangu zitapita kama maji ya karo la kunawia. Nikizisoma leo naona mwandiko wa msichana anayejitahidi kusema kweli na ambaye mara nyingi hakujua kweli yenyewe ni ipi.

Nyumba ya mjomba ilikuwa na ukumbi mrefu wenye viti vya pembeni na saa ya ukutani iliyokwenda mbele dakika kumi, na kati ya ukumbi na sisi wa ndani palikuwa na pazia la kijani. Pazia lile lilikuwa na tundu lililotobolewa na nondo, na tundu hilo, kwa rehema ya Mungu, lilikuwa sawa na jicho la mtu aliyekaa juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi. Ndipo nilipokaa mimi. Wanaume walizungumza ukumbini, nami nikakuna. Mazungumzo yakinoga mkono husimama wenyewe, na mjomba huyo kutoka kule: "Ee, nazi za leo zimekuwa mawe?" Nikaanza tena kukuna haraka haraka, nao wakacheka. Nilijua kwamba alijua. Hakunikataza hata siku moja, na kwa mtu aliyekuwa mkali kama yeye, hilo nalihesabu kuwa heshima kubwa aliyonifanyia.

Siku ya kwanza ya mambo haya aliingia Bwana Kasam, mwenye tanuri ya mkate Bondeni, mtu mnene asiyepanda ngazi bila kumlaani aliyeijenga. Siku hiyo hakulaani mtu. "Sheikh, kuna watu wameokotwa baharini," alisema hata kabla ya kukaa. Meli yao ilizamishwa, ikitoka Kachi, Bara Hindi, kuja huku kwetu, abiria ni watu wa kawaida, na wake zao na watoto. Wamekaa siku tisa ndani ya boti, mpaka manowari ikawakuta. Sasa jeshi limewatia godauni moja Shimanzi na askari mlangoni, likihofu wapelelezi na likihofu maradhi. "Wamepewa nyama ya mkebe. Hakuna aliyegusa. Nyama gani? Kachinja nani? Wamekaa wanaitazama tu." Mjomba akasema kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo iliyokuwa kali yake: "Watu wamefika Mombasa hii, walale na njaa? Tutazungumza nini tukikutana na wenzetu?" Kisha kwa sauti kubwa, kuelekea pazia: "Rukiya! Sufuria kubwa zile tatu ziko wapi?"

Pilau ile niliipika mimi. Naandika hivi wazi kwa sababu nimewahi kusikia ikisimuliwa kwamba tuliipika wanawake wengi. Wengi walichambua mchele na kumenya vitunguu, na mchele wenyewe ulitoka nyumba kwa nyumba, kibaba hapa na nusu kibaba pale, wakati ambao kila mtu alikuwa anapimiwa. Mbuzi wawili walitoka Marikiti. Lakini mkono uliotia chumvi na kupalia makaa ni huu wangu, na nilijivuna nao. Nilitia samli yote tuliyokuwa nayo. Nilisema moyoni, watu hawa wameonja bahari siku tisa, leo waonje mji.

Katikati ya mapishi, adhuhuri inakaribia, mlango ukabishwa. "Hodi wenyewe." Nilimwona kupitia lile tundu: askari mweusi, mrefu, nguo zimepigwa pasi, viatu amevivua nje bila kuambiwa, na alama tatu kwenye mkono wa shati. Huyo ndiye Mwakio, Mtaita, Mkristo, sajini wa malori na mkalimani wa Meja aliyesimamia mambo ya bandarini.

"Karibu," nilimjibu nikiwa ndani. "Mwenyewe yuko msalani atawadha. Kaa kitako."

"Nimekaa, bibi. Naona hapa pananukia. Leo pana harusi?"

"Hapana harusi. Pana wageni."

"Mungu awape heri nao," alisema.

Nikampelekea chakula kwa mkono wa mtumishi wetu mzee: mkate wa mofa, samaki wa kukaanga na kachumbari, kwa sababu mtu haji nyumbani kwa mjomba saa ile akakaa mikono mitupu. Alikula kwa adabu, akipangusa sahani kwa mkate. Mjomba akatoka, wakaamkiana kwa kirefu kama inavyotakiwa: habari za nyumbani, habari za watoto, mvua za Taita, barabara ya Voi. Kabla hawajafika mbali pakaadhiniwa. Mjomba akasema, "Maliza chakula chako, Sajini, jifanye uko kwenu. La kuzungumza tutazungumza nikirudi." Akenda msikitini. Mwakio alikaa kidogo, akaitazama ile saa yetu iliyokwenda mbele, akanawa, akashukuru kuelekea pazia, akaondoka. Katika daftari langu siku hiyo nimeandika: *Sajini Mtaita amekula vizuri. Sijui alikuja kwa nini.*

Pilau ikenda Shimanzi kwa mkokoteni, na mahamali na vijana wa mtaani wanaisindikiza kama bibi harusi. Mlangoni askari wakakataa. Amri, hakuna kitu kuingia. Vijana wakatukana, askari wakashika bunduki, na wakati wa purukushani hiyo wenzao wengine wakazunguka nyuma wakapitisha chakula sinia kwa sinia juu ya ua wa mabati. Waliporudi walikuwa wameshangilia mpaka sauti zimewakauka. Walisema wanaume kule ndani walikula huku wanalia. Nilikwenda kulala nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote kisiwani.

Asubuhi Bwana Kasam alikuja na habari. Watu waliokula walikuwa wameugua, karibu wote, tumbo na kutapika, na mzee mmoja amekufa. "Daktari wa jeshi asema tumbo lililokaa tupu siku tisa hupewa uji mwepesi, kidogo kidogo, vijiko. Asema alikwisha kutoa amri hiyo." "Amempa nani?" mjomba aliuliza. "Ametupa sisi? Nani ametwambia?" Mkono wangu ulikuwa juu ya mbuzi na nusu ya nazi, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeacha kukuna.

Nataka niwe mwadilifu hapa, ingawa ni vigumu. Daktari mwenyewe alisema baadaye kuwa huenda yule mzee angekufa tu, moyo wake ulikuwa umechoka. Huenda. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii, na sikulitumia kujitakasa wala sikulitupa. Jeshi lilikuwa na daktari, na mji ulikuwa na wapishi waliojua watu wale watakula nini. Kila upande ulishika nusu yake na kumlaumu mwenziwe kwa nusu iliyokosekana.

Siku iliyofuata Meja alikuja mwenyewe, na Mwakio nyuma yake. Meja nisimdhulumu: alikuwa mtu aliyechoka sana, macho mekundu, na sidhani alikuwa amelala tangu watu wale wafike. Lakini aliingia na viatu, akasimama katikati ya ukumbi akaanza kusema. Mjomba akamwonesha kiti, hakukaa. Kahawa ikaletwa, akaipokea akaiweka dirishani. Mwakio alitafsiri kwa sauti isiyo na rangi. Meja alisema watu wa mji wameua mtu. Alisema mtu yeyote akikaribia ua wa Shimanzi atakamatwa. Alisema keshokutwa watu wale wote watapakiwa garimoshi kupelekwa kambi ya bara, huko kuna nafasi na hakuna wa kuwaingilia.

"Mwambie," mjomba alisema, "wamo wagonjwa ambao hawawezi kusimama."

"Asema anajua. Ndiyo sababu anataka watoke hapa."

"Mwambie maiti yule ni Mwislamu na bado hajazikwa, na hilo halingoji garimoshi."

Kisha Bwana Kasam, aliyekuwa amekaa na mjomba, akaingia kati, anatokwa na jasho. Mkewe, Bi Shirin, amepata habari kutoka kwa mwanamume mmoja aliyepelekwa hospitali: wale wanawake hawakuila hata pilau. Hawali kitu. Wameletewa uji na jeshi lenyewe tangu jana, hawaugusi. Mmoja wao, Jenabai, ana mtoto mchanga, na maziwa yanamkauka. "Ukimpakia garimoshi," Kasam alisema, "wawili hao hawafiki Voi." Meja alijibu kwa ukali, na Mwakio akatafsiri akitazama chini: "Asema hawezi kumlazimisha mtu kufungua kinywa. Asema labda mji umewaambia wasile chakula cha jeshi."

Wote wakasema kwa pamoja. Sijawahi kusikia mjomba akipaza sauti kama siku ile. Na mimi, nyuma ya pazia, niliona kitu kimoja tu, kwamba hawa watabishana juu ya nani aliyeua mzee mpaka na mtoto afe. Nilichana karatasi katika daftari nikaandika kwa penseli. Nakumbuka niliyoandika kwa sababu sasa ninayo mbele yangu: *Pilau nilipika mimi, Rukiya. Sikuuliza wagonjwa wapewe chakula gani. Kosa ni langu. Naomba nijulishwe chakula gani kipikwe na nani apeleke. Na aende mwanamke akawaulize wale wanawake kwa nini hawali.* Nikaipitisha chini ya pazia.

Mwakio ndiye aliyekuwa karibu. Aliinama akaiokota. Aliisoma kwanza kwa Kiswahili, mjomba na Kasam wasikie. Kisha akamgeukia Meja akaisema kwa Kiingereza. Alisema kwa muda mrefu. Nilishangaa, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa fupi, na jioni niliandika katika daftari: *Kiingereza hurefusha mambo.* Meja alimsikiliza akiwa amesimama wima. Halafu alivua kofia yake, akakaa kwenye kile kiti alichokataa, akanyoosha mkono dirishani akaichukua kahawa iliyokwisha kupoa, akainywa yote. Miaka yote hii nimejisifu moyoni kuwa karatasi yangu ndiyo iliyomkalisha Meja. Msomaji asinicheke mapema.

Meja alikubali mwanamke aende, akatoa na lori; mabishano yaliyobaki yalikuwa ya mjomba na mimi. "Mwana wa dada yangu ndani ya lori la jeshi?" alisema alipokuja ndani. "Watu watasema nini Kuze na Kibokoni?" Nikamwambia Bi Shirin atakuwa pamoja nami. Nikamwambia lori lifunikwe turubai pande zote, tutapanda ndani ya ua na kushukia ndani ya ua. Alivuta pumzi kwa pua. "Na huko ukifika ukaambiwa jambo na daktari, mara hii utauliza?" Nikasema nitauliza. "Basi nenda. Chukua unga wa mchele." Hakunitazama aliposema hivyo, lakini alinitafutia yeye mwenyewe mwiko.

Chini ya turubai lile palikuwa na joto na harufu ya mafuta. Bi Shirin alikuwa amefunga mkate kwenye leso, tukaula njiani, tumejifunua nyuso, tunacheka kila lori likiruka shimo. "Shoga," aliniambia mdomo umejaa, "Kasam akiniona hivi atapasuka." Nalitaja hilo la mkate kwa sababu ndilo lililonisaidia. Tuliposhuka Shimanzi tulikuta godauni kubwa lenye paa la bati, linawaka kama tanuri. Wanaume walilala upande mmoja. Wanawake kama kumi na watano walikuwa kwenye pembe, wamekaa wamewapa wote mgongo, wamejifunika, nyuso ukutani. Mbele yao bakuli za uji, zimefanya utando. Na juu, kwenye ngazi ya chuma, askari wawili wamesimama zamu, macho kwao, kama walivyoamriwa. Hawakuwa wabaya. Mmoja alikuwa na sura ya mtu anayetamani kutazama kwingine.

Bi Shirin alichuchumaa kwa Jenabai akamsemesha Kikachi. Jenabai alikuwa mdogo kuliko mimi, midomo imepasuka kwa chumvi, na mtoto hakuwa analia tena, alikuwa anafungua kinywa tu. Alijibu maneno machache. Bi Shirin akanigeukia, macho yamejaa. "Asema uji hawaukatai. Asema ndani ya boti walikula na kunywa na kila kitu mbele za wanaume siku tisa, na wakaapa kuwa wakifika nchi kavu hawatafanya hivyo tena. Asema hapa wanatazamwa usiku na mchana. Afungue vipi kifua amnyonyeshe mtoto?"

Hata mimi nisingekula. Dakika kumi zilizopita nilikuwa nimekula mkate kwa furaha kwa sababu turubai lilinisitiri. Nilitoka mlangoni nikamwita Mwakio, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusema naye uso kwa uso, bila pazia, na ukaya wangu tu kichwani. "Sajini, lile turubai la lori lafunguka?"

"Lafunguka, bibi. Kwani?"

"Lifunge pale pembeni, kutoka ngazi mpaka nguzo. Wale wanawake wataka pazia."

Koplo wa zamu alikataa. Amri yake ni kuwaona watu wote wakati wote, na turubai ni mali ya lori. Simlaumu, amri alipewa. Mwakio alimwambia, "Andika kuwa ni mimi. Mimi nitajibu." Koplo akasema, "Sajini, wewe sasa hivi huna nafasi ya kujibu jambo jingine." Sikuelewa neno lile. Mwakio alicheka kidogo tu, akapanda juu ya lori akaanza kufungua kamba.

Turubai lilipokwisha kufungwa wale wanawake waligeuka, mmoja mmoja, kama watu wanaoamka. Tulipika uji upya: unga wetu wa mchele, maziwa ya unga ya jeshi, maji yaliyochemshwa jikoni mwao. Safari hii nilimuuliza daktari kila kitu, kwa ulimi wa Mwakio akiwa nje ya turubai. Chumvi kiasi gani? Vijiko vingapi? Baada ya muda gani? Mpaka daktari akasema kitu, na Mwakio akaniambia, "Asema hata manesi wake hawamuulizi hivi." Jenabai alikunywa vijiko sita. Ilipofika alasiri akanywa sita vingine. Daktari akamgusa mshipa kwa mkono uliopita chini ya turubai, hakumwona uso hata siku moja, akampa dawa. Kabla ya jua kuchwa mtoto alilia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile. Bi Shirin alipiga kigelegele, na juu ya ngazi yule askari mwenye haya akasema, "Alhamdulillahi," ingawa sijui alikuwa wa dini gani.

Meja alikuja akaliona turubai. Alisimama akalitazama muda, akasema neno moja, Mwakio akatafsiri: "Asema libaki." Ndipo ikanijia kwamba lori letu sasa halina kifuniko. Mwakio naye aliliona. "Bibi, nitakutafutia jingine, lakini laweza kuchukua saa mbili, na magharibi inaingia." Nilimtazama Bi Shirin. Tukapanda. Tukapita Bondeni katika lori la wazi, tumekaa juu ya magunia, buibui zinapepea kama bendera, na watu wakatoka madukani. Mmoja akapiga ukelele, "Oyaa, jeshi limeoa!" Bi Shirin akamjibu, "Na mahari hukupata wewe!" Naandika haya na uso unanipata moto, lakini si wa aibu. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Alilitazama lori la wazi, akanitazama mimi, akauliza: "Turubai li wapi?" Nikamwambia. Akasema, "Vyema. Ingia ule."

Garimoshi la keshokutwa liliondoka bila wao. Mzee tulimzika: lori na ruhusa vilitoka kwa jeshi, sanda na sala vilitoka kwetu, na Mwakio alisimama nje ya makaburi kofia mkononi. Tangu hapo kila Jumatatu walikutana ukumbini kwa mjomba, Meja akivua viatu na kumaliza kahawa kwanza, na mimi nikawa karani wao wa nyuma ya pazia. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja *Jeshi*: malori, maji, daktari, ulinzi. Upande wa pili *Mji*: wapishi, wakalimani, maziko, wanawake. Kisha chini, neno ambalo mjomba alilitaka liandikwe kila mara: *Nani amemwambia nani?* Mambo mengine waliyagombania vikali, na Meja alishinda mara nyingi kuliko tulivyopenda. Lakini meli nyingine zilipozamishwa mwaka huo na watu wakaletwa, hakuna aliyekula chakula kibaya kwake, wala hakuna mwanamke aliyekaa godauni bila pazia. Jenabai alitoka kwa miguu yake, mtoto mgongoni. Najivunia hayo. Nimejaribu kutojivunia, nimeshindwa.

Katika daftari, wiki moja baada ya siku ya turubai, kuna mstari huu: *Leo Sajini amevaa shati lenye alama mbili. Pengine lile la alama tatu limefuliwa.* Halikurudi, na sikuandika tena. Sisi tuliendelea kumwita Sajini, mtaani, sokoni, kila mahali, naye akaitika.

Sasa karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha ya Wakesho. Upande mmoja ni mwandiko wangu wa penseli. Upande wa pili ni mwandiko wake, wa wino, wa miaka mingi baadaye. Ameandika hivi: *Bibi Rukiya, siku nilipokula kwenu nilitumwa na daktari kumwambia Bwana Abdalla wasipeleke chakula kizito. Nilinusa pilau. Uliponiambia pana wageni sikuuliza wageni gani. Chakula chenu kilikuwa kitamu, na mzee alinipokea vizuri, nikaona aibu kutoa amri juu ya sahani. Nikasema nitarudi jioni. Nilipoisoma karatasi yako nikaona siwezi kukuacha peke yako. Nilimwambia Meja maneno yako, kisha nikamwambia na yangu. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ungesema kosa ni lako la kunipa chakula.*

Ni kweli ningesema hivyo. Amenijua.

Wakesho amekuja leo, wiki imetimia. Nimempa mkate wa mofa na samaki, na mara hii nimemuuliza kabla hajatia mkono: "Kuna jambo umetumwa uniambie?" Amecheka, akasema ni lile lile la jiwe. Nimemsomea daftari na karatasi. Amelia kidogo, kisha akasema, "Basi makaratasi yako sawa. Ni Koplo." Nimemwambia jeshi halikukosea, alikosa kufikisha neno na mtu akafa, na alisema mwenyewe. Lakini na mji haukukosea. Nikachukua penseli nikapiga mstari katikati ya karatasi safi, kama zamani, ampelekee fundi auchonge vivyo hivyo, mstari na yote. Jeshi: *Koplo.* Mji: *Sajini.*

Kisha nikalifungua daftari pale palipoandikwa *Sijui alikuja kwa nini*, nikaandika pembeni: *Sasa najua.*